Kabla hujamwita mwenzako mzushi

Wadogo zangu wa mwaka wa kwanza, Bwana asifiwe.

Jana jioni mmenigongea mlango watatu, mashati mmechomekea kama mnakwenda kuposa, mkaniachia barua. Mnasema mwenzenu "ana mafundisho mageni" kwa sababu kwenye zamu yake ya ibada ya asubuhi alisema mtu aliyeokoka anaweza kuanguka. Mmemwita Mwarminio, yaani mfuasi wa mwanatheolojia Arminius. Yeye naye, nasikia, amewaita Wakalvini wa YouTube kwenye grupu la WhatsApp, yaani wafuasi wa Calvin wanaosema aliyeokoka kweli hawezi kupotea, na mpaka saa saba usiku mlikuwa mnarushiana Waebrania 6 na Yohana 10 kama watoto wanaopopoa embe. Leo nusu ya darasa la Kigiriki lilikuwa linasinzia.

Barua nimeisoma. Nilicheka aya ya kwanza. Ya pili sikucheka, maana barua kama hiyo niliwahi kuiandika mimi.

1. Jueni ugomvi mnaoushika ulianzia wapi. Calvin alifariki 1564, Arminius 1609. Wafuasi wa Arminius wakatoa hoja zao tano mwaka 1610, na sinodi ya Dort, mkutano wa kanisa kule Uholanzi, 1618 hadi 1619, ikazijibu moja moja; majibu hayo ndiyo yakaja kuitwa hoja tano za Calvin. Ndiyo kusema "hoja tano za Calvin" Calvin hakuziona, na Arminius hakuwepo kujitetea. Ile TULIP mnayoikariri, kifupisho cha hoja hizo tano, ni herufi za Kiingereza, Kiingereza kilekile mnachokilalamikia kila mtihani. Humu chuoni mna Walutheri, Wamoraviani, Waanglikana, AIC na Wapentekoste, mnakula ugali sufuria moja. Miaka yote hiyo mpishi hajamuuliza mtu msimamo wake juu ya Dort.

2. Usimpinge mtu ambaye hujamsoma. Hapa nitakaa kidogo, mnivumilie.

Nilikuwa mwaka wa pili. Nilikuwa nimeazima kitabu cha mhubiri wa Marekani John Piper cha 2007, kile anachombishia msomi Mwingereza N. T. Wright juu ya kuhesabiwa haki, nikakimaliza kwa tochi ya simu siku tatu. Wright mwenyewe sikumsoma. Maktaba haikuwa naye, nami sikumtafuta. Nilijiona nimeshamjua kupitia kwa aliyempinga. Siku hizo nilitembea kifua mbele. Kila aliyetamka "mtazamo mpya juu ya Paulo", ule usomaji wa nyaraka za Paulo wa kina Wright, nilimkodolea macho kama askari wa usalama barabarani.

Mwenzangu wa bwenini, tuliyechangia naye jiko la mafuta ya taa na ndoo moja ya kuogea, alipewa zamu ya ibada. Akasoma Wagalatia 2:16 kwenye Union Version: mwanadamu hahesabiwi haki kwa matendo ya sheria, bali kwa "imani ya Kristo Yesu". Akainua macho akasema, mnasikia, ndugu? Imani *ya* Kristo. Labda Paulo anatuambia tumesimama juu ya uaminifu wa Kristo mwenyewe, aliyetii mpaka msalabani, na kuamini kwetu ni kuegemea pale. Alizungumza dakika mbili, akaomba, tukaenda kunywa uji.

Mimi uji haukunipita. Usiku ule nikaandika kurasa mbili kwa mlezi wa wanafunzi. Niliandika kwamba ndugu huyu "amefuata mafundisho ya James Dunn", msomi mwingine wa mtazamo huo mpya, na kwamba anafuta imani ya mtu binafsi. Nilijisikia Luther kabisa. Kisha nikafanya jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka nikiwa nanyoa ndevu, mkono unasimama: nikatuma nakala kwa mchungaji wa usharika uliokuwa unamlipia ada.

Mlezi alituita, akasikiliza, akalimaliza ndani ya wiki moja. Usharika haukulimaliza. Wazee wa kanisa walikaa kikao, wakasimamisha ada "mpaka jambo lieleweke", na jambo lilichukua mwaka kueleweka. Rafiki yangu alifunga begi akarudi kwao kulima alizeti. Ndoo akaniachia.

Mwaka wa nne, nikiandika tasnifu yangu, ndipo nilimsoma Dunn kwa mara ya kwanza. Elezo kidogo kwa ambao bado mnapambana na alfabeti: Kigiriki pale kina *pistis Christou*, na "ya" ile ina mizigo miwili, kama "upendo wa mama" kwetu. Mama anapenda, au mama anapendwa? Msomi wa Marekani Richard Hays, katika kitabu chake cha 1983, alitetea kwamba ni uaminifu wa Kristo. Na aliyesimama kumpinga kwa miaka, akisema hapana, ni kumwamini Kristo, ni nani? James Dunn. Yuleyule aliyeupa "mtazamo mpya" jina lake katika hotuba ya Manchester mwaka 1982. Kwenye aya ile Dunn alikuwa upande wangu! Nilimfukuzisha mtu shule kwa kumfuata mwalimu ambaye angebishana naye. Niliusoma ukurasa ule mara tatu, nikafunga kitabu, nikaenda bombani kunawa uso.

Tena nikaja kujua kwamba Piper, kabla ya kuchapa, alimpelekea Wright rasimu, akajibiwa kwa kirefu, akarekebisha. Wale wanaoishi nchi mbili tofauti walipelekeana karatasi. Mimi na mwenzangu vitanda vyetu vilitenganishwa na ndoo.

Nilimfuata kumwomba radhi. Alikuwa amesharudi, yuko darasa moja nyuma yangu, anaosha masufuria zamu ya jikoni. Nikamweleza habari zote za Dunn na Hays. Akaniangalia, mikono ina povu. "Huyo Dunn sijawahi kumsikia," akasema. "Mimi nilisoma Biblia ilivyoandikwa." Akaendelea kusugua. Halafu: "Barua ya mlezi nilikusamehe siku ileile. Ile nakala, ndugu yangu. Mama yangu aliisikia ikisomwa kanisani."

Sikujua kuwa ilisomwa kanisani.

3. Fungueni tafsiri zaidi ya moja. Union ina "imani ya Kristo" kwenye Wagalatia 2:16 lakini "imani katika Yesu Kristo" kwenye Warumi 3:22, na muundo wa Kigiriki ni uleule. Habari Njema kwenye Wagalatia imeshawaamulia: "kumwamini Yesu Kristo".

4. Suala la wanawake. Najua mmeangalia ule mkutano wa Wabaptisti wa Kusini wa Marekani, Indianapolis, 2024, kura ya kuzuia makanisa yenye wachungaji wanawake ilipopata kama asilimia 61 ikakosa theluthi mbili. Ni mjadala mzito, someni 1 Timotheo 2:12, inayomkataza mwanamke kufundisha, pamoja na Fibi, mhudumu wa kanisa, wa Warumi 16, msiruke hata mmoja. Ila kumbukeni mko wapi: KKKT, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, ilikubali kuwabariki wanawake kuwa wachungaji mwaka 1990, na baadhi yenu mmebatizwa nao. Kuna kijana aliwahi kutoa hoja kali sana darasani dhidi ya mwanamke kufundisha. Nikamuuliza nani alimfundisha Biblia utotoni. Akataja mama wa Shule ya Jumapili, kisha akaomba ruhusa kwenda msalani, hakurudi.

5. Injili ya mafanikio mnaipinga vizuri, na Azimio la Cape Town la 2010, tamko la Wainjilisti wa dunia nzima, liko pamoja nanyi. Lakini mjane aliyeuza mbuzi apeleke sadaka ya mbegu, ile ya kutoa ili uvune baraka, muulizeni kwanza nani anaumwa nyumbani kwake.

6. Kigiriki, mtihani ni Jumatatu.

Barua yenu iko mezani kwangu, chini ya kikombe. Ina kurasa mbili, majina matatu ya wahubiri wa Marekani, na hakuna hata sentensi moja aliyoitamka mwenzenu ikanukuliwa kama alivyoisema. Nimeona pia pale chini mmeandika "Nakala kwa:" mkaacha nafasi. Njooni muichukue kabla ya chakula cha jioni, na mje naye.