Jibu: Utabiri unasema nyuzi 37 usiku, mchicha wangu utaungua na jalidi (barafu nyembamba inayotunga juu ya majani)?

Ndugu, hizo 37 za Farenhaiti (kama 3 za Selsiasi) usizidharau. Kipimajoto cha kituo cha hali ya hewa hukaa karibu mita 2 juu ya ardhi. Usiku wa anga safi bila mawingu wala upepo, hewa baridi hutuama chini, na majani yanaweza kuganda huku kituo kikisoma 36. Kwa hiyo, wiki hizi za mwisho wa Septemba hapo Minnesota, Marekani, tazama kwanza mawingu na upepo, ndipo utazame joto. Wa kuogopa hasa ni usiku wa kwanza au wa pili baada ya mvua ya baridi kupita, upepo unapotulia. Ukivuma maili 10 kwa saa hadi alfajiri, jalidi hutunga kwa shida.

Mwagilia udongo mchana. Kabla jua halijazama, funika mchicha, managu na nyanya kwa shuka inayogusa ardhi pande zote, maana joto linatoka udongoni. Nailoni isiguse majani. Yataungua palepale inapogusa. Funua jua likishapanda. Sukuma wiki iache wazi, baridi kidogo huizidishia utamu. Na kama bustani iko bondeni, itaganda mapema kuliko za katikati ya jiji.