Maswali Yenu: Kumwendesha Kerengende Mezani

Toleo lililopita tulichapisha karatasi ya maelezo ya Kerengende, chombo cha upelelezi cha jeshi la mwaka 2140 kwa ajili ya michezo ya mezani ya kuigiza wahusika. Kwa ambao hawakuiona: kinaelea juu ya mto (takia) wa hewa inayosukumwa chini yake, kina uzito wa tani 6 pamoja na watu 3, urefu mita 8, upana mita 4, sketi ya raba (pazia la ukingoni linalozuia hewa hiyo isitoroke) yenye kina cha sentimita 60, feni ya kuinua yenye mota ya kilowati 120, propela mbili nyuma zenye msukumo wa kilonyutoni 9, rashasha moja, na mlingoti wa kamera wa mita 5. Barua nyingi zinalalamika kwamba chombo kina udhaifu mwingi mno. Udhaifu huo tumeuweka kwa makusudi, kwa sababu bila huo wachezaji hawana cha kuamua.

Wachezaji wangu wanamwendesha kama pikipiki: anakata kona papo hapo, anafunga breki, anapanda mlima wowote. Nifanyeje bila kuwachosha na hesabu? (Msomaji wa Morogoro)

Tumia kete mbili. Ya kwanza inaonyesha chombo kilipo. Ya pili inaonyesha kitakapofika mwisho wa zamu ijayo iwapo dereva hatagusa kitu. Tukichukua zamu ya sekunde 6 na mraba wa mita 10, mwendo wa kilomita 72 kwa saa ni miraba 12 kwa zamu, kwa hiyo kete ya pili inakaa miraba 12 mbele. Kila zamu dereva anaruhusiwa kuisogeza kete ya pili miraba 5 kuelekea kule pua inakotazama. Akigeuza propela zisukume kinyume anapata miraba 3 tu, maana propela inayosukuma kinyume hupoteza karibu nusu ya nguvu.

Hayo tu yanatosha. Hakuna tairi linalong'ang'ania ardhi, basi pua inaweza kutazama kaskazini huku chombo kikienda mashariki, na wachezaji wataliona hilo mezani bila kuelezwa. Kusimama kutoka miraba 12 kwa propela za kinyume kunachukua zamu 4 na karibu mita 250. Dereva mjuzi hufanya vingine: hugeuza chombo chote nyuma-mbele, kisha husukuma kwa nguvu zote, na zamu 3 zinamtosha. Mwache arushe dadu mbili kwa ajili ya kugeuka. Akipata chini ya 7, pua inaishia upande na msukumo wa zamu hiyo unampeleka pembeni.

Njia ya tatu ni kuzima feni ya kuinua. Chombo kinakaa chini kwa vitako vyake vya chuma na kusimama ndani ya mita 50 hivi. Kwenye tope laini au chumvi tambarare ni salama. Kwenye mawe au matuta, kikiwa na kasi ya zaidi ya miraba 6, rusha dadu mbili: 9 au zaidi, kinapinduka. Usiwanyime wachezaji nafasi hiyo, ila wajue bei yake kabla ya kuamua.

Mteremko nao una kanuni moja. Kwa kila mwinuko wa asilimia 3, yaani mita 3 kwenda juu kwa kila mita 100 za mbele, isogeze kete ya pili mraba 1 kuelekea bondeni kila zamu. Kwenye mwinuko wa asilimia 15 miraba 5 ya msukumo imekwisha yote, na chombo hakiwezi kuanza kupanda kutoka kusimama. Kikija na kasi ni habari nyingine: kwa kilomita 72 kwa saa, mwendo wake peke yake unakirusha juu ya kilima cha mita 15. Hatari kubwa iko kwenye mteremko wa ubavuni. Dereva anayesahau kuelekeza pua upande wa juu atajikuta bondeni bila kupigwa risasi hata moja.

Je, analipua mabomu ya ardhini? Mwongoza mchezo wetu anasema ndiyo, sisi tunasema hapana. (Kundi la wachezaji, Mombasa)

Nyinyi mko sahihi kwa sehemu kubwa. Tani 6 zimetandazwa juu ya mita za mraba 32, kwa hiyo kila mita ya mraba inabeba kilo 188. Mtu wa kilo 75 akisimama kwa nyayo mbili anaikandamiza ardhi karibu mara 10 zaidi ya hapo. Bomu la kuzuia vifaru lenye kifuniko cha kipenyo cha sentimita 30 litahisi kilo 13 wakati linahitaji zaidi ya 100. Dogo la kutega watu, lenye kifuniko cha sentimita 10, litahisi kilo moja na nusu, nalo kwa kawaida huhitaji kilo 5 au zaidi.

Mwongoza mchezo naye ana silaha zake. Sketi inaburuta, hivyo uzi wa mtego utakatika. Bomu linalohisi sumaku halingoji kukanyagwa. Na chombo kikishatua kwa vitako vyake, uzito wote umeshuka sehemu nne ndogo, na hesabu ile ya kilo 13 haipo tena.

Mwaka 2140 bado mnatumia raba? Kwa nini asielee sentimita 30 juu bila sketi? (Msomaji wa Dodoma)

Kwa sababu hewa inakimbia. Kwa shinikizo lile la kilo 188 kwa kila mita ya mraba, inatoka chini ya ukingo kwa kasi ya mita 55 kwa sekunde. Sketi inaacha mwanya wa sentimita 2 kuzunguka mita 24 za ukingo, na feni inakula kilowati 60 hivi. Panua mwanya uwe sentimita 30 na utahitaji mara 15, takriban kilowati 900, kwa kusimama tu hewani. Nishati hiyo mtaibeba wapi? Christopher Cockerell, Mwingereza aliyebuni chombo cha aina hii, alianza bila sketi: chombo chake cha kwanza, SR.N1, kilivuka mlango wa bahari kati ya Ufaransa na Uingereza tarehe 25 Julai 1959, na sketi ya raba ilifuata baadaye ndipo vyombo hivi vikaweza kuruka mawimbi na vizingiti.

Risasi ikitoboa sketi, anaanguka? (Msomaji wa Kisumu)

Hapana. Sketi imegawanywa vipande 48 viitwavyo vidole, kila kimoja upana wa sentimita 50, na kidole kikikatika vya jirani hufura na kuziba sehemu ya pengo. Tundu la risasi halina maana yoyote. Hesabu vidole vilivyopotea kabisa: hadi 3, ongeza vumbi tu, kuanzia cha 4, ondoa miraba 2 ya kasi ya juu kwa kila kidole, vikifika 6, hewa inayotakiwa imekaribia mara mbili na mota iko ukingoni. Cha 7 kinakishusha chombo chini.

Matengenezo: zima feni, inua upande ulioharibika kwa jeki mbili, weka magogo chini ya fremu kabla mtu hajaingiza mkono, fungua boliti 6 za kidole, vika kipya, kaza. Watu wawili, dakika 15 kwa kidole. Sanduku lina vidole 10 vya akiba. Anayeruka hatua ya magogo arushe dadu mbili. 10 au zaidi, jeki imezama kwenye tope.

Kinapiga kelele na kutimua vumbi. Huo ni upelelezi gani? (Msomaji wa Mwanza)

Swali zuri kuliko yote. Jeshi la Marekani lilikutana nalo Vietnam. Jeshi la majini lilipeleka vyombo 3 vya aina hii mwaka 1966, baadaye jeshi la nchi kavu likapata 3 vyake kwenye delta ya Mekong. Vilikimbia zaidi ya kilomita 100 kwa saa juu ya mabwawa ambako boti hazipiti, lakini vilisikika kutoka mbali, na viwili kati ya vile vya nchi kavu viliharibiwa mwaka 1970.

Kwa hiyo Kerengende hapelelezi akiwa anakimbia. Anakimbia hadi mahali, anazima kila kitu, anainua mlingoti juu ya matete na kutazama kwa kamera ya joto akitumia betri. Mezani: akielea, adui anamsikia ndani ya kilomita 3 bila kurusha dadu. Akizima, subiri zamu 10 vumbi litulie. Mota na radieta zitaendelea kung'aa kwenye kamera ya joto ya adui kwa nusu saa, hivyo atue nyuma ya tuta.

Kampeni yetu iko kwenye delta ya Rufiji. Anapita kwenye mikoko? (Msomaji wa Kibiti)

Ndani ya mikoko, hapana. Mizizi ya mkoko ni ukuta, na ile ya mchu, aina nyingine ya mkoko, inayochomoza kutoka kwenye tope hupasua vidole: toa kidole 1 kwa kila mraba. Maji yakipwa, tope tupu ndilo barabara yake. Kwenye mto aangalie kasi ya kilomita 18 kwa saa. Chini ya hapo anasukuma wimbi lake mwenyewe, na akibeba zaidi ya kilo 800 za ziada hataweza kulivuka. Atashusha mzigo, au atafute ukingo wa tope aanzie hapo.