Mambo Yakiharibika, Nani Anabeba Lawama?

Mhariri, wiki hii mmeuliza ni tabia ipi inayomtofautisha kiongozi na mwenye cheo tu. Najua wengi watawaandikia uadilifu, hekima, uvumilivu. Sibishi, ila hizo kila mgombea anazo kwenye vipeperushi vyake. Mimi huangalia jambo moja: mambo yakiharibika, nani anabeba lawama.

Mfano wangu ni Mzee Ali Hassan Mwinyi, Rais wa pili wa Tanzania. Wengi wanamkumbuka kwa ruksa, yaani kufungua milango ya biashara, bidhaa zilipoanza kurudi madukani baada ya miaka ya foleni. Mimi namkumbuka zaidi kwa kujiuzulu. Akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, watu waliokamatwa huko Shinyanga waliteswa na vyombo vya dola, baadhi yao wakafia mahabusu. Mwinyi hakumpiga mtu. Angeweza kuwatimua maofisa wachache, akatoa pole, akabaki na kiti chake. Mwaka 1977 aliachia ngazi, kwa kuwa waliotenda unyama ule walikuwa chini ya wizara yake.

Wapo wanaosema kujiuzulu ni kukimbia kazi. Kwa anayeondoka amenuna huku akidai kaonewa, sawa. Mwinyi alikubali kwenda Misri kuwa balozi, akatumika huko miaka kadhaa. Mwaka 1984, hali ya hewa ya kisiasa ilipochafuka Zanzibar na Rais wake, Aboud Jumbe, akaondoka, ni yeye aliyekabidhiwa visiwa. Mwaka uliofuata akampokea Mwalimu Nyerere kijiti.

Wala si lazima twende Ikulu. Kwenye kikoba chetu, kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, sanduku lina kufuli tatu, na funguo zinakaa kwa watu watatu. Siku moja fedha zikapungua shilingi 40,000. Macho yote yakamgeukia binti anayehesabu, na mnajua macho ya kikao yalivyo. Mwenyekiti wetu, mama muuza mboga, akasema: "Mwacheni mtoto wa watu. Mimi ndiye niliyewaharakisha, niulizeni mimi." Akaketi naye, wakapitia kitabu kimoja kimoja, hadi wakamkuta mwanachama aliyegongewa mihuri ya hisa ambazo hakuzilipia. Binti bado anahesabu, na siku hizi akikosea anasema mwenyewe kabla sanduku halijafungwa. Angeaibishwa siku ile angejifunza kuficha. Maofisi mangapi yanaoza hivyo, bosi akiwa wa mwisho kujua?

Ndiyo maana wagombea wa serikali za mitaa wakija kwetu kuomba kura siwaulizi barabara. Nawauliza: mtu wa chini yako alipokosea, wewe ulifanyaje? Mmoja alinijibu kwamba yeye huchagua watu wasiokosea. Akapigiwa makofi. Kura yangu hakuipata.