Mleta uzi, hiyo sentensi moja ya "aina ya mgogoro" itawazika

Futa hiyo sentensi kwanza, salamu tutapeana baadaye.

Umeandika kwamba kwenye mooti yenu (mashindano ya kesi za kuigiza) ya sheria ya kimataifa ya kibinadamu, yaani sheria ya vita, mko upande wa mashtaka. Kamanda wa jeshi la serikali kalipua daraja lililokuwa likitumiwa na waasi, raia wamefia juu yake, na nyie mmeshajaza kurasa kibao za uwiano, yaani kupima madhara kwa raia dhidi ya faida ya kijeshi. Halafu kuhusu kama vita hivyo ni vya kimataifa au vya ndani unasema, tena kwa kujiamini, "aina ya mgogoro tumeiweka sentensi moja kwa sababu iko wazi." Baada ya hapo ndiyo unauliza nani aanze kuongea, muda mgawane vipi, msome vitabu gani na mvae nini. Mtavaa sanda, mkuu.

Sentensi kama hiyo nasi tulikuwa nayo. Hatukuibuni, tulipewa na mlezi wa timu, mtu mwenye slaidi kwa kila jambo chini ya jua. Alituambia majaji wanachoshwa na habari za kuainisha mgogoro, wao wanasubiri uwiano, "huko ndiko alama ziliko." Nani angembishia? Alikuwa na slaidi.

Basi shtaka letu lilikuwa kifungu cha 8(2)(b)(iv) cha Mkataba wa Roma, ulioanzisha Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC): kushambulia ukijua madhara kwa raia yatazidi waziwazi faida ya kijeshi inayotarajiwa. Nadhani lenu ndilo hilo hilo, maana hakuna kurasa nyingi za uwiano zinazotoka kwingine. Nilisimama mimi. Nilikuwa ninatiririka, nimeshafika kwenye thamani ya daraja kijeshi, na kesi ya Galić, jenerali aliyehukumiwa kwa mashambulizi ya Sarajevo, nimeichomeka mahali pake, mtu angedhani nimezaliwa The Hague. Jaji wa katikati, mama mmoja ambaye tangu tuanze hakuandika hata neno, akaweka kalamu mezani.

"Wakili, siku daraja linapigwa, nani alikuwa anapigana na nani?"

"Serikali na waasi, Mheshimiwa."

"Kwa hiyo ni mgogoro usio wa kimataifa?"

"Naam, Mheshimiwa." Nikadhani ananisaidia.

"Vizuri. Sasa nisomee shtaka lako kwenye orodha ya migogoro isiyo ya kimataifa."

Halipo! Fungua mwenyewe uone. Aya (a) na (b) za kifungu cha 8(2) ni za mgogoro wa kimataifa, aya (c) na (e) ni za usio wa kimataifa, na kwenye (e) hakuna pacha wa (b)(iv). Hakuna kabisa. Shambulio lisilo na uwiano ndani ya vita vya serikali na waasi si kosa lililoandikwa kwenye Mkataba ule. Mwenzangu akajaribu kuniokoa kwa sheria ya kimila ya kimataifa, kwamba utafiti wa Msalaba Mwekundu wa 2005 unasema, kwenye kanuni ya 14, kuwa uwiano unabana pande zote katika migogoro ya aina zote. Kweli unasema hivyo. Jaji akamjibu kwa kumtajia kifungu cha 22: mtu hahukumiwi na mahakama ile kwa kosa ambalo halimo kwenye Mkataba. Mwenzangu akakaa. Mimi nilikuwa bado nimesimama, nina dakika za kutosha na sina kesi. Ile kazi yote ya uwiano ilikuwa paa lililoezekwa hewani.

Mlezi alipoulizwa baadaye alisema jaji alikuwa "mkali kupita kiasi." Mkali wapi? Kauliza swali la kwanza ambalo wakili yeyote wa utetezi aliye macho angeuliza. Na suti zetu zilisifiwa, nalo nilitaje.

Kwa hiyo kabla hamjagusa daraja: mgogoro ni wa aina gani, kati ya nani na nani, TAREHE YA SHAMBULIO. Tarehe hiyo, si mwaka ule kwa jumla. Mgogoro unaweza kuanza ukiwa wa ndani ukageuka wa kimataifa, au kinyume chake, na watunzi wa kesi hizi wanapenda kuficha siku ya mgeuko kwenye aya unayoiruka.

Mnaanza na uamuzi wa Tadić wa Oktoba 1995, wa mahakama ya uhalifu wa kivita ya Yugoslavia ya zamani: ni nguvu za kijeshi kati ya dola na dola, au ni mapigano ya muda mrefu kati ya serikali na kundi lenye mpangilio? Kwa waasi mnathibitisha mambo mawili, ukali wa mapigano na mpangilio wa kundi: lina ngazi za amri, makao, uwezo wa kupata silaha, uwezo wa kukaa mezani na kujadiliana? Halafu mnarudi kwenye kile ulichokitaja kwa kupita tu, kwamba dola jirani "inawaunga mkono" waasi. Aisee, hapo ndipo kesi yenu ilipolala! Rufaa ya Tadić ya 1999 inasema dola ikiwa na udhibiti wa jumla juu ya kundi, mgogoro unakuwa wa kimataifa. Pesa na bunduki pekee hazitoshi. Lazima dola hiyo iwe inaratibu au inasaidia kupanga shughuli za kijeshi za kundi, ingawa si lazima itoe amri ya kila shambulio. Utetezi watawaletea kesi ya Nicaragua dhidi ya Marekani ya 1986 na kipimo chake kigumu zaidi. Wajibuni kwa hukumu ya Bosnia dhidi ya Serbia ya 2007, ambamo Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilikikataa kipimo cha Tadić kwenye kuibebesha dola wajibu, lakini ikakubali kwamba huenda kikafaa kwenye kuainisha mgogoro. Na kama jirani kaja kuisaidia serikali kwa idhini yake, hesabu inabadilika tena: serikali mbili dhidi ya waasi bado si mgogoro wa kimataifa.

Usinijibu "mbona Lubanga?" Najua, yule kiongozi wa waasi wa Kongo aliyeshtakiwa ICC. Kwenye kuthibitisha mashtaka mwaka 2007 majaji walisema sehemu ya mgogoro ule ilikuwa ya kimataifa, hukumu ya 2012 ikasema haikuwa, na bado akafungwa miaka 14. Kosa lake, kutumia watoto vitani, limo kwenye orodha zote mbili. La kwenu limo kwenye moja.

Mkishindwa kuthibitisha mkono wa jirani, wekeni shtaka mbadala mapema, 8(2)(e)(i), kuelekeza shambulio kwa raia kwa makusudi. Ni gumu, itabidi muoneshe raia ndio waliolengwa, na daraja lenye waasi juu yake linawapa utetezi usingizi mnono. Lakini angalau lipo kwenye kitabu.

Halafu nimeona mahali umewaita waasi waliokamatwa "wafungwa wa kivita." Dah. Hadhi hiyo ni ya mgogoro wa kimataifa. Mnaandika kana kwamba ni wa kimataifa huku na wa ndani kule, kwenye memo (hoja za maandishi) moja.

Hata kama ni yale mashindano ya Jean-Pictet yasiyo na memo, ambako leo unaigiza mwanasheria wa jeshi na kesho mjumbe wa Msalaba Mwekundu, swali hilo litakukuta tu.

Nani aanze kuongea? Anayeweza kulijibu swali la yule mama bila kugeuka kuangalia wenzake. Mavazi sijui, vaeni viatu visivyobana. Bandika hapa aya zote zinazomtaja huyo jirani, hasa kama kuna "washauri" wake kambini, nikuoneshe pa kuanzia. Na huyo aliyewaambia iko wazi, mwite naye aje asome.