Tumehamisha au tumehamishia?

SWALI: Asalaam aleikum mwalimu. Mimi na wenzangu hapa Wete tunaandika ripoti ya kazi yetu ya mwisho ya chuo. Tulichukua mfumo endeshi mdogo (programu kuu inayoiendesha kompyuta) ulioandikwa kwa ajili ya kompyuta za Intel, tukaufanyia kazi hadi ukawaka kwenye kompyuta kongwe ya wahandisi, aina ya SPARC, ambayo hakuna aliyekuwa akiijua. Tuliandika: "Tumehamisha mfumo endeshi kwenye SPARC." Msimamizi ameipiga mstari mwekundu, anataka "tumehamishia". Mwenzetu mmoja anasema yote mawili ni makosa, kwani mfumo haukuhama, kule kwenye Intel bado upo. Yeye anataka "tumenakili". Tufuate lipi?

JIBU: Waalaikumu salaam mwanangu. Msimamizi wenu yuko sahihi, ingawa mstari mwekundu usio na maelezo haumfundishi mtu.

Kwenye, katika na kiambishi -ni hutaja mahali tu. Havisemi kama kitu kinatoka hapo au kinakwenda hapo. Kazi hiyo hufanywa na kitenzi. Aliyehama Wete hayupo tena Wete, aliyehamia Wete ndiyo kwanza anatafuta nyumba huko. Watumishi wa serikali wanaijua tofauti hii kuliko sisi walimu wa lugha: aliyehamishwa Mkoani anafunga virago kuondoka Mkoani, na aliyehamishiwa Mkoani ndiye anayesubiriwa huko. Kwa hiyo msomaji ambaye hakuwa nanyi maabara, akikuta "tumehamisha mfumo kwenye SPARC", ana haki ya kufahamu kwamba mfumo ulikuwa ndani ya SPARC nanyi mkautoa. Ile -i- ndogo ya hamishia ndiyo inayomwonesha ulikoelekea.

Hoja ya mwenzenu ni nzuri, na kwa kuhama mtupu ana haki: anayehama huacha nyumba tupu. Lakini asikilize watu wanavyosema nyumba inapoungua. "Moto umehamia kwa jirani." Hakuna anayedhani kwamba nyumba ya kwanza imezimika. Ugonjwa nao huhamia mapafuni bila kuondoka ulikoanzia. Kuhamia hudai kufika, hakudai kuondoka, na ndiyo maana hamishia inaifaa kazi yenu. Unix, ule mfumo endeshi maarufu, nayo ilikwenda hivyo hivyo. Ilizaliwa katika maabara za Bell Labs, Marekani, mwaka 1969 kwenye kompyuta ya PDP-7, ikaingia PDP-11, ikaandikwa upya kwa lugha ya programu iitwayo C mwaka 1973, na mwaka 1977 Dennis Ritchie na Steve Johnson wa huko huko wakaihamishia kwenye kompyuta ya aina nyingine, Interdata 8/32. Mwaka huo huo huko Wollongong, Australia, Richard Miller aliihamishia kwenye Interdata 7/32. PDP-11 hazikubaki tupu kwa hayo.

Kunakili ndiko nisikokubali kabisa, na hapa mwenzenu anajipunja mwenyewe. Anayenakili hutoa kitu kile kile kama kilivyo. Nyinyi mngenakili tu, SPARC isingewaka, maana prosesa yake haielewi amri za Intel. Sehemu iliyoandikwa kwa C mliipitisha upya kwenye kompaila, yaani programu inayogeuza msimbo kuwa amri za mashine, na hiyo ndiyo nafuu yenu. Lakini msimbo wa kuwashia mashine, wa kupokea ishara za vifaa, wa kubadilisha zamu za programu na wa kugawa kumbukumbu, huo bila shaka mliuandika wenyewe. Tena namba ya baiti kadhaa, Intel huanza kuihifadhi kwa baiti yenye thamani ndogo, na SPARC huanza na yenye thamani kubwa. Kuna kisa maarufu cha Unix kupelekwa kwenye mashine yenye mpangilio tofauti wa baiti, jina lake likajichapa NUXI, kila herufi mbili zikiwa zimepinduka. Juu ya hayo, SPARC hukataa kusoma data ya baiti nne kwa pamoja kwenye anwani ya kumbukumbu isiyogawika kwa nne, jambo ambalo Intel hulivumilia. Mtu aliyepambana na hayo asiandike "tumenakili". Mtahini atadhani mlichomeka fleshi mkaenda zenu.

Najua maabara mnasema "tumeupoti", kutokana na Kiingereza "port". Semeni, sina ugomvi na mazungumzo ya vijana, lakini ripoti ina wasomaji wengine.

Sasa sentensi yenyewe. Majina ya miji hayahitaji kwenye: "amehamishiwa Wete" inatosha. Jina la mashine si mji. Mkiandika "tumehamishia SPARC", msomaji atafikiri SPARC ndiyo iliyobebwa, atabaki akiuliza imepelekwa wapi. Wekeni kwenye, na mfumo ukishatajwa kipeni kitenzi kiambishi chake: "Mfumo huu tumeuhamishia kwenye SPARC." Kazi yenyewe iiteni "kuuhamishia mfumo", au "uhamishaji" pale ambapo mwelekeo umeshajulikana. Uhamishiaji sarufi inauruhusu, ila mdomo unaukataa, na mimi niko upande wa mdomo. Kile kilichopatikana mwisho, kinachowaka, ni "toleo la SPARC", nalo likae ubavuni mwa "toleo la Intel" katika jedwali lenu. Hapo hata mwenzenu hatauliza tena kama la kwanza bado lipo.