Kikoba, simu na namba zisizogawanyika

*Mwalimu mkongwe wa hesabu anajibu maswali ya wasomaji wa Mwanza.*

Shikamoo mwalimu. Sisi ni wauza dagaa wa Mwaloni Kirumba. Tumevunja kikoba, zimebaki faini sh 360,360. Tulikuwa 14, mwenzetu mmoja kahamia Sengerema. Mhasibu anasema tuwe 14 au 13, hesabu haiachi hata senti. Anatuzuga?

Marahaba, mama. Hawazugi. Mkiwa 14, kila mmoja 25,740. Mkiwa 13, kila mmoja 27,720. Na mngekuwa watu wangapi tu, kuanzia 1 hadi 15, bado ingeingia sawasawa.

Ivunje namba yenyewe uone: 360,360 ni 8 × 9 × 5 × 7 × 11 × 13. Kumi na nne inachukua humo 2 na 7. Kumi na tano inachukua 3 na 5. Ndiyo ile KDS (Kigawe Kidogo cha Shirika) tuliyochapiwa viboko shule ya msingi: hakuna namba ndogo kuliko hii inayogawanyika kwa zote 1 mpaka 15. Ina vigawo 192.

Anayeharibu ni mtu wa 16. Kumi na sita inadai 2 × 2 × 2 × 2, na humo 2 zimo tatu tu (ile 8). Mngepata 22,522 na senti hamsini, na senti hamsini sijui mngeitoa wapi.

Wa Sengerema naye alilipa faini. Mimi ningempa chake.

Mwalimu, niko kidato cha pili, Nyakato. Namba ndefu nitajuaje inagawanyika kwa 7, 11 au 13 bila kugawanya?

Zidisha hizo tatu: 7 × 11 × 13 = 1,001. Siri imo hapo. Kata namba yako makundi ya tarakimu tatu tatu kutoka kulia, kisha toa, jumlisha, toa, jumlisha. Jibu likigawanyika, na namba yako inagawanyika. Ile ya kina mama: 360 − 360 = 0, na sifuri inagawanyika kwa zote tatu. Sasa 2,147,483,647: 647 − 483 + 147 − 2 = 309. Gawanya 309 kwa 7, inabaki 1. Kwa 11, inabaki 1. Kwa 13, inabaki 10. Haigawanyiki kwa hata moja.

Mimi fundi simu, Makoroboi. Hiyo 2,147,483,647 nasikia ndiyo itakayozichanganya saa za mashine mwaka 2038. Ina nini?

Umenifurahisha, kaka. Ni 2 zipatazo 31 zilizozidishwa pamoja, ukatoa 1. Mashine za zamani zinatunza muda kwa biti 32 (nafasi za kuandikia 0 au 1), moja ya alama ya kujumlisha au kutoa, 31 za namba. Zinahesabu sekunde tangu 1 Januari 1970, na zikifika hapo nafasi imekwisha. Kwa saa zetu ni Jumanne, 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi, sekunde ya 7. Sekunde inayofuata, mashine isiyorekebishwa inarudi Desemba 1901. Simu mpya nyingi zinatumia biti 64, kwa hiyo usimtishe mteja ili anunue nyingine.

Tena ni namba tasa: haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Mwanahisabati Leonhard Euler alilithibitisha hilo mwaka 1772, hana kikokotoo, na macho yameshafifia.

Namba kubwa kuliko zote ni ipi?

Hakuna. Taja yoyote, nitaongeza moja.