Mwiba wa Karaba

Bukavu

Mwanangu Furaha,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimevaa miwani. Unasema profesa wako huko Lubumbashi amekubali uandike TFC, ile tasnifu ya kumaliza masomo, juu ya filamu ya katuni Kirikou et la Sorcière kwa kumtumia Propp, yule Mrusi mchambuzi wa ngano, na jedwali lako lilikuwa linakwenda vizuri hadi ulipofika kwenye mwiba wa yule mchawi, Karaba. "Mama, mwiba niuweke wapi?" Tena ukauliza kama si upuuzi kuchukua nadharia ya Mrusi na kupimia katuni ya watoto.

Hilo la pili ni jepesi. Si upuuzi. Propp alichukua ngano 100 za Kirusi, akaona kwamba majina na mavazi yanabadilika lakini matendo yanajirudia, akahesabu kazi 31, yaani matendo yanayoisukuma ngano mbele, zinazofuatana kwa mpangilio uleule. Kitabu chake kilitoka Leningrad mwaka 1928. Filamu ya Michel Ocelot ilitoka 1998, lakini yeye aliishi Guinea utotoni, na hadithi yake aliijenga juu ya ngano ya Afrika Magharibi. Ngano ni ngano. Chemchemi iliyokauka ni upungufu, Karaba ni adui, Kirikou ni shujaa anayeondoka nyumbani, ndoa ya mwisho ni ile kazi ya 31. Hapo usimalize kurasa zako, kila mtu atayaona.

Kaa pale jedwali linapogoma. Mchukue yule babu wa mlimani. Kwa Propp yeye ni mtoaji: shujaa akimfikia, anajaribiwa, kisha anapewa kitu chenye nguvu. Kirikou anatambaa kwenye mashimo ya chini ya ardhi, anaponea chupuchupu, anafika, anaomba hirizi. Mzee anamnyima! Anamwambia nguvu yake iko hapohapo, katika kutokuwa na hirizi. Anachompa ni maelezo tu. (Baba yako alikuwa anacheka sana hapo. Alisema mzee huyo akifungua kibanda sokoni Kadutu atakufa njaa.) Ningekuwa wewe, ningeandika kurasa tano juu ya kunyimwa huko.

Halafu kuna lile swali. Mtoto aliyejikata kitovu mwenyewe anazunguka kijiji kizima akiuliza: kwa nini Karaba ni mbaya? Wakubwa wanamfukuza na swali lake. Wao wanajua kwamba amekula wanaume, inawatosha. Sasa rudi kwa Propp usome tena anachosema kuhusu sababu za wahusika. Anakubali kwamba zinaipa ngano rangi yake, ila anaziona ndicho kitu kisichotulia kuliko vyote, kwa hiyo kazi zake amezihesabu kwa kuangalia kinachotendwa, si nani anakitenda wala kwa nini. Ndiyo maana mwiba umekukosea kisanduku: unajibu swali la Kirikou, na jedwali swali hilo haliulizi. Usiulazimishe kuingia kwenye safu ya ubaya wa adui ili ukurasa upendeze. Andika wazi kwamba umekosa pa kuuweka, kisha uanzie hapo. Tena tazama adhabu: Propp anategemea adui aadhibiwe, na hapa adui anatibiwa.

Sasa mwiba wenyewe. Babu anasema wanaume walimkamata Karaba, wakamchoma mwiba wa sumu mgongoni, mahali ambapo mikono yake haifiki. Maumivu hayamwachi usiku wala mchana, na uchawi wake unatoka humohumo. Hataki ung'olewe, maana kung'olewa kutauma kama siku ulipoingizwa. Wapo wachambuzi waliosoma kwamba hapo ni kubakwa. Mtu wa Bukavu hakusubiri wachambuzi. Tunaishi na Panzi, hospitali aliyoianzisha daktari Mukwege mwaka 1999, na unajua Nobel ya 2018 alipewa kwa ajili ya wanawake waliobakwa vitani. Lakini angalia, filamu ile haikutengenezwa juu yetu. Usiihamishie Kivu kwa nguvu. Sema tu kwamba ishara hiyo inasomeka hivyo, na ukiisoma ukiwa hapa ina uzito wake.

Mwisho wake mimi haujanipendeza hata siku moja. Mwanamke ametoka kung'olewa mwiba, damu haijakauka, tayari anaombwa ndoa. Kwanza anakataa, halafu busu moja tu, mtoto amekuwa mwanaume mrefu. Kazi ya 31 lazima itimie! Wangemwacha kwanza apumue. Profesa wako asipokubali, mwambie ni mama yako aliyesema, mwalimu wa Kifaransa miaka thelathini.

Kuna jambo jingine, na hili kwenye TFC usiliandike. Ulikuwa mdogo. Tulikuwa tunaiangalia sebuleni, watoto wa jirani wamejaa mkekani, na mama mmoja wa avenue yetu alikuwa amekuja kuomba makaa ya moto, akabaki amesimama mlangoni anaangalia na sisi. Babu alipofika kwenye mwiba, yule mama akasema anakwenda kuangalia chungu chake jikoni. Makaa akayaacha mlangoni.

Hatukulizungumza miaka mingi. Siku moja tunachagua maharagwe pamoja, akaniuliza bila kuinua macho: "Yule mwanamke wa katuni, mwiba ulitoka?"

Nikamwambia ulitoka, mtoto aliung'oa kwa meno.

"Alilia?"

"Alilia sana. Alipiga kelele."

Akasema, "Ee," akaendelea kuchagua.

Mama yako